Tambua bunduki, kisha uulize nani alibeba risasi

Weka muvi ya vita mbele ya vijana wa Kabati, kaunti ya Kitui, na ubishi hautakawia. "Simamisha hapo! Hiyo ni Mauser." "Wapi! Hiyo ni Lee-Enfield." Kuna watakaoona ni upuzi. Mimi naona ni somo la historia, mradi tusiliachie katikati.

Chukua The African Queen ya mwaka 1951, yake Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Ilirekodiwa Uganda na Kongo, na kisa chake ni cha 1914, Wajerumani wakiitawala Tanganyika. Hapa kujua bunduki kunalipa. Askari wengi wa Mjerumani waliingia vitani na Mauser ya 1871, ya baruti nyeusi. Ukifyatua mara moja tu, moshi unamwonyesha adui ulikojificha. Waingereza walikuwa na Lee-Enfield, ambazo hazina shida hiyo. Kwa hivyo unapotazama, angalia moshi.

Hata mizinga ina stori. Meli ya Wajerumani iliyozama Rufiji mwaka 1915, Königsberg, iling'olewa mizinga yake ikaendelea kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Ukienda Pwani, pitia uuone.

Sasa swali ambalo muvi hizi huliruka: risasi zilifikaje huko porini? Mbung'o waliua punda na ng'ombe wa kubeba mizigo, ikabidi vichwa na mabega ya watu yafanye kazi hiyo. Waingereza walikusanya wanaume kila pembe, Ukambani ikiwemo, wakawatia katika Carrier Corps. Jina hilo ndilo lililotuachia Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Kwa hesabu za Waingereza wenyewe, wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, wengi kwa magonjwa, si risasi. Ilipofika 2021 ndipo Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ikaomba radhi kwamba Waafrika wengi hawakukumbukwa kwa majina.

Inauma kwamba tunajua bunduki ilitengenezwa mwaka gani, lakini hatumjui aliyebeba sanduku la risasi zake.

Basi bishaneni, hakuna ubaya. Ila muvi ikiisha, waulize wazee nyumbani: kwetu nani alichukuliwa akabebe mizigo ya vita? Ukipewa jina, liandike.