Fundi wa Majengo ana nafasi baharini

Serikali inapozungumzia uchumi wa samawati, macho yote huelekea Mombasa, Kilifi na Lamu. Kijana wa mtaa wa Majengo mjini Nyeri, aliye zaidi ya kilomita 600 kutoka Bahari Hindi kwa barabara, husikiliza habari hizo kama mgeni. Kumwacha nje ni kosa la sera, na taifa zima linalilipia. Kazi ya bahari haiishii tena kwenye kamba, tanga na injini. Kila mwaka inazidi kuhamia katika nyaya, betri, vihisi na programu za kompyuta. Hakuna mahali ambapo mabadiliko haya yanaonekana wazi kuliko ndani ya boti za kifahari, ambazo matajiri huzitumia kujaribu teknolojia mpya kabla haijashuka bei. Elektroniki hizo ni kazi ambayo miji ya chini ya Mlima Kenya inaweza kuifanya, na wakati wa kuwaandaa vijana wake ni sasa.

Tazama kilichomo ndani ya boti moja kubwa ya aina hiyo. Kuna rada, kipima kina cha maji, GPS, mawasiliano ya setilaiti, na AIS, kifaa kinachotangaza kwa vyombo vingine jina la boti, mahali ilipo na mwendo wake. Kuna mitambo inayoshirikisha setilaiti na mapanga ya injini ili boti isimame palepale bila kutupa nanga, jambo linaloepusha matumbawe na uharibifu. Mwaka 2024 kiwanda cha Feadship cha Uholanzi kiliteremsha majini boti yenye urefu wa karibu mita 119 inayoweza kupata umeme wake kutokana na haidrojeni. Yote haya yanatisha kwa mbali, lakini ukiyakaribia unakuta mambo yanayofahamika. Mfumo wa NMEA 2000, unaounganisha vifaa vya boti ili visomane, umejengwa juu ya CAN, mfumo ambao kampuni ya Bosch iliutoa katika miaka ya 1980 kwa ajili ya magari. Fundi anayechomeka kompyuta kwenye matatu ili kusoma hitilafu tayari anafanya kazi na mfumo wa ukoo huohuo.

Pingamizi la kwanza ni umbali: fundi wa boti atakaaje mlimani? Jibu liko Olathe, katika jimbo la Kansas, katikati kabisa ya Marekani na kama kilomita 1,000 kutoka pwani iliyo karibu. Hapo ndipo makao makuu ya Garmin yalipo, mojawapo ya kampuni kubwa kabisa duniani za elektroniki za baharini. Uswisi nayo haina hata shubiri ya pwani, lakini mwaka 2003 timu yake ya Alinghi ilishinda Kombe la Amerika, mashindano yanayoheshimiwa kuliko yote ya mashua za tanga. Nyeri yenyewe haianzi na mikono mitupu. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko hapo, na ndani ya eneo lake kuna kampuni ya Semiconductor Technologies Limited inayoshughulika na chipu za kielektroniki. Mnamo Mei 2024, Rais William Ruto alipozuru Washington, Marekani ilitangaza kushirikiana na Kenya katika sekta hiyo ya chipu. Mji ulio na kiwanda cha namna hiyo hauwezi kuambiwa kwamba uko mbali na teknolojia ya bahari.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: bahari haisamehi kazi ya kubahatisha. Chumvi hula viungo vya nyaya, betri za lithiamu huweza kuwaka moto usiozimika kwa urahisi, na skrini inaweza kusema uongo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, kwa idhini ya nahodha, waliituma boti ya kifahari White Rose of Drachs nje ya njia yake katika Bahari ya Mediterania kwa kuipelekea mawimbi bandia ya GPS. Hakuna king'ora kilicholia. Tukio hilo halimfukuzi fundi wa mjini. Linaonyesha kwamba anahitaji elimu rasmi zaidi ya kipaji alicho nacho. Dunia ya ubaharia imeshalitambua hilo. Marekebisho ya mkataba wa mafunzo ya mabaharia yaliyopitishwa Manila mwaka 2010 yaliweka cheo kamili cha afisa wa umeme na elektroniki melini. Kazi ipo, ina cheti, na cheti hicho hakimuulizi mtu kama alizaliwa kando ya bahari.

Wengine watauliza kwa nini kijana wa mtaa wenye dhiki atumikie anasa za mabilionea, tena anasa zinazochafua hewa. Swali ni la haki, na uchafuzi huo si wa kutetewa. Hata hivyo, ujuzi haubaki kwenye sitaha ya tajiri. Kati ya 2010 na 2012 boti ya PlanetSolar iliizunguka dunia kwa nguvu za jua peke yake, na paneli na betri za aina hiyo zinaweza kuendesha boti ya mvuvi wa Ziwa Victoria. Wanandoa Waingereza Paul na Rachel Chandler walipotekwa na maharamia Oktoba 2009 wakiwa njiani kutoka Ushelisheli kuja Tanzania, hata mashua yao ndogo ilikuwa na kifaa cha kutuma ishara ya dharura. Mvuvi wa kisiwa cha Pate au wa Homa Bay anastahili kifaa kama hicho, pamoja na fundi wa karibu wa kukitengeneza. Soko la boti za kifahari katika maji yetu bado ni dogo. Kampuni za meli ziliondoa Bahari Hindi katika orodha ya maeneo hatari ya uharamia Januari 2023, lakini mashambulizi dhidi ya meli katika Bahari ya Shamu yaliyoanza mwishoni mwa mwaka huo yalirudisha hofu. Ndiyo maana mpango wowote usimame juu ya vivuko, boti za watalii na za wavuvi, huku boti za matajiri zikiwa shule na nyongeza ya kipato.

Linabaki suala la Pwani. Watu wa huko wamelalamika miaka mingi kwamba nafasi zao huchukuliwa na watu wa bara, na malalamiko hayo yana msingi. Nafasi za melini na bandarini ziwaangukie wao kwanza. Lakini kuunda bodi za elektroniki, kuzipima na kuzitengeneza ni kazi mpya isiyomnyang'anya mtu wa Kilifi chochote. Inamletea vipuri karibu badala ya kuvisubiri kutoka ng'ambo.

Hatua za kuanzia hazihitaji chuo kipya. Nyeri National Polytechnic ikubaliane na Bandari Maritime Academy ya Mombasa kuhusu kozi moja, nadharia ikifundishwa Nyeri na mazoezi yakifanyika majini. Mamlaka ya Kitaifa ya Sifa za Elimu iupime ujuzi wa mafundi wa jua kali na kuuthibitisha, ili aliyetengeneza redio na simu miaka kumi asirudishwe darasa la mwanzo. Kaunti ya Nyeri itenge ufadhili kwa vijana wa mitaa kama Majengo, ambao karo ndiyo huwafungia mlango. Nchi inayotaka kunufaika na bahari yake haiwezi kuwatumia raia wa ufukweni peke yao.