UCHANGANUZI: Bustani ya Jeevanjee na swali la miji ya Gusii

MSAFIRI anayeondoka Kenyenya alfajiri kuelekea Nairobi hupitia Kisii, Keroka, Sotik, Bomet na Narok, mwendo wa zaidi ya kilomita 300, kabla ya kuteremka katikati ya jiji lililoasisiwa na wakoloni kando ya reli. Akiwa na saa moja au mbili za kusubiri ofisi ifunguliwe au jamaa yake atoke kazini, mara nyingi hujikuta ameketi katika Bustani ya Jeevanjee, baina ya Moi Avenue na Barabara ya Muindi Mbingu.

Hilo si jambo dogo. Katika jiji ambalo kwa miaka mingi sheria za baraza zilimhesabu mtu asiye na shughuli kuwa mzururaji, na ambamo kuketi hotelini bila kuagiza chai ni ugomvi, bustani hiyo ni mojawapo ya sehemu chache ambapo mgeni wa kutoka mashambani hupumzika bila kuulizwa anamtafuta nani.

Ifikapo adhuhuri, wahubiri hupaza sauti upande mmoja huku makundi ya wanaume, na wanawake wachache, yakijadili siasa upande wa pili. Mjadala huo umejulikana kwa miaka mingi kama Bunge la Mwananchi. Hauna spika aliyeapishwa wala marupurupu, na huenda ndiyo sababu hoja zake husikika wazi kuliko za bunge lile jingine lililo umbali wa kutembea kwa miguu.

Wengi wanaoketi hapo hawafahamu kwamba ekari hizo tano hivi hazikutolewa na serikali yoyote, ya kikoloni wala ya uhuru. Zilitolewa na mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee, mzaliwa wa Karachi, aliyepata utajiri kwa kuwa mwanakandarasi wakati wa ujenzi wa Reli ya Uganda. Ni yeye pia aliyeanzisha gazeti la African Standard mjini Mombasa mwaka wa 1902, ambalo baadaye lilikuwa East African Standard, na mwaka wa 1909 akawa Mhindi wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria.

Bustani ilifunguliwa mwaka wa 1906. Jeevanjee aliweka humo sanamu ya Malkia Victoria, na aliyeizindua alikuwa mwanawe malkia huyo, Arthur, aliyejulikana kama Duke wa Connaught. Kwa macho ya leo zawadi hiyo ina utata. Mtoaji alikuwa wa jamii iliyozuiwa kumiliki ardhi katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu, na ambayo walowezi walipigana kufa na kupona kuinyima usawa. Alichagua kumsifu malkia ili awakumbushe wenye mamlaka kwamba Wahindi nao ni raia wake. Walowezi hawakukumbuka. Jeevanjee alifariki mwaka wa 1936, sehemu kubwa ya utajiri wake ikiwa imeyeyuka.

Msafiri wa kutoka Kenyenya ana sababu yake mwenyewe ya kuitazama tarehe hiyo kwa makini. Mwaka mmoja tu kabla ya sanamu kuzinduliwa, yaani 1905, serikali hiyohiyo ilituma majeshi katika nchi ya Wagusii, ikaua watu na kuteka maelfu ya ng'ombe. Mji ulioota baada ya uvamizi huo ndio Kisii, ambao wenyeji wa zamani waliuita Bosongo, yaani mahali pa Wazungu.

Januari 1908, kijana Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki Geoffry Northcote, ofisa Mwingereza aliyesimamia wilaya, ambaye Wagusii walimwita Nyarigoti. Simulizi za wenyeji zinamtaja Moraa, mwaguzi mwanamke, kuwa ndiye aliyewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa. Northcote alipona na akapanda vyeo hadi kuwa Gavana wa Hong Kong mwaka wa 1937. Kwa upande wa Wagusii, nyumba zilichomwa na watu wakauawa kwa wingi kiasi kwamba Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni na ambaye alikuwa amezuru Nairobi mwaka wa 1907, aliandika kuhoji kama ilikuwa lazima kuendelea kuwaua watu wasio na namna ya kujikinga.

Otenyo alikamatwa na kuuawa. Wazee wa Gusii husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, na madai ya kutaka kirejeshwe yamesikika mara nyingi.

Sasa msafiri huyo akiingia Jeevanjee hawezi kukutana na Malkia Victoria kama alivyosimamishwa mwaka wa 1906. Mwaka wa 2015 watu wasiojulikana waliikata sanamu hiyo kichwa. Wapo waliolaani kitendo hicho kuwa uharibifu wa turathi, na wapo waliosema malkia huyo alikuwa amekaa mno. Pande zote mbili zilizungumza kana kwamba kitu pekee kilichopotea vichwa katika historia ya utawala huo kilikuwa cha shaba au jiwe.

Hata hivyo, hatari kubwa zaidi kwa bustani haikuwa nyundo. Mwaka wa 1991, mamlaka za jiji zilikuja na mpango wa kuijenga maegesho ya magari ya ghorofa nyingi. Mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, aliongoza upinzani na akaungwa mkono na wakazi wa jiji. Mpango ukaachwa. Patel baadaye aliandika kitabu kuhusu maisha ya babu yake, kilichochapishwa mwaka wa 1997.

Miaka miwili kabla ya hapo, Wangari Maathai alikuwa amesimama dhidi ya jumba la ghorofa 60 ambalo chama cha KANU na kampuni yake ya magazeti ya Kenya Times kilinuia kulijenga katika Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka wa 1969. Alitukanwa Bungeni, na shirika lake la Green Belt Movement likafurushwa kutoka ofisi zake. Wafadhili wa kigeni walipojiondoa, jumba halikujengwa. Maathai alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004, na baadhi ya waliomkejeli wakawa miongoni mwa waliompongeza.

Matukio hayo mawili yanasimuliwa kila mara kama hadithi za ujasiri, na ni kweli. Lakini mchanganuzi wa mambo ya ardhi hana budi kuuliza swali kavu zaidi: kwa nini viwanja hivyo viwili viliokolewa ilhali vingine vingi vilimezwa? Tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka wa 2003 na kuwasilisha ripoti yake mwaka uliofuata, ilikadiria kwamba hatimiliki zipatazo 200,000 zilitolewa kinyume cha sheria kati ya 1962 na 2002. Miongoni mwa ardhi zilizonyakuliwa zilikuwa misitu, viwanja vya shule, njia za barabara na sehemu za burudani.

Jibu moja ni kwamba Jeevanjee ilikuwa na ushahidi. Ilijulikana ni nani aliyeitoa, mwaka gani na kwa ajili ya nani, na kulikuwa na familia iliyokumbuka. Jibu la pili, ambalo huenda lina uzito zaidi, ni kwamba ilikuwa na watu ndani yake kila siku. Mnyakuzi hupenda kiwanja kilichojaa magugu, kwa sababu hakuna atakayeona ua wa mabati ukizungushwa. Ni vigumu zaidi kuzungusha mabati mahali ambapo mamia ya watu hula mahindi ya kuchoma kila mchana.

Uhuru Park ilikuwa na ulinzi wa namna hiyo pia. Ni katika kona yake moja ambapo akina mama wa wafungwa wa kisiasa walifunga kula mwaka wa 1992 hadi polisi wakawavamia. Ni hapo Mwai Kibaki alipoapishwa Desemba 30, 2002, na ni hapo Katiba ilipoidhinishwa rasmi Agosti 27, 2010. Januari 30, 2018, Raila Odinga alikula hapo kiapo cha kujiita rais wa wananchi. Bustani iliyobeba kumbukumbu za namna hiyo haiuziki kwa urahisi.

Lakini yawezekana kufungwa. Mwaka wa 2021 Uhuru Park ilizungushiwa ua kwa ajili ya ukarabati, na malalamiko yakazuka kuhusu miti iliyokatwa na muda mrefu ambao wananchi walizuiwa kuingia. Hali kadhalika, maandamano ya vijana ya Juni 2024 yalipofika katikati ya jiji, mitaa inayoizunguka Jeevanjee ilijaa vitoa machozi. Julai 7, 2025, polisi walifunga barabara za kuingia katikati ya jiji tangu asubuhi. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, ila hakisemi atafikaje mahali pa kukusanyikia ikiwa matatu yake imerudishwa njiani.

Kwa hivyo bustani ya umma ina maadui wa aina mbili, na silaha zinazomshinda mmoja hazimshindi mwingine. Mnyakuzi hushindwa kwa hati na kwa wingi wa watumiaji. Anayefunga lango kwa amri hahitaji hati. Anahitaji tu kufuli.

Turudi Kenyenya. Sensa ya mwaka 2019 iliihesabu Kaunti ya Kisii kuwa na watu 1,266,860 katika eneo la kilomita mraba zipatazo 1,317, yaani zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba. Ardhi imegawanywa kwa urithi kizazi baada ya kizazi, hivi kwamba shamba lililomlisha babu kwa mtama na wimbi sasa ni vipande vya ndizi na majani chai ambavyo ndugu hupimiana kwa hatua za miguu. Katika mazingira hayo, mtu akitaja bustani ya kupumzikia huonekana kama aliyeshiba kupita kiasi.

Hoja hiyo haipaswi kupuuzwa. Familia yenye robo ekari haiwezi kuombwa iige Jeevanjee. Lakini hoja hiyo husahau kwamba mahitaji yanayotimizwa na bustani hayatoweki kwa kukosekana kwake. Mikutano ya siasa huhamia viwanja vya shule na kukatiza masomo. Vijana wasio na kazi huketi kwenye vibaraza vya maduka, wakafukuzwa kama washukiwa. Wachuuzi hutandaza bidhaa ukingoni mwa barabara, hatua chache kutoka kwa magurudumu ya magari.

Mjini Kisii kwenyewe, mzigo wa mikusanyiko mikubwa umebebwa na Uwanja wa Gusii, ulioandaa sherehe za kitaifa za Mashujaa Oktoba 20, 2020 baada ya kukarabatiwa. Lakini uwanja wa michezo una lango, una ratiba na una mlinzi. Hauwezi kuwa mahali pa mama aliyetoka hospitali akisubiri gari la jioni. Inashangaza pia kwamba jamii inayochonga mawe ya Tabaka yanayouzwa duniani kote, na ambayo mchongaji wake Elkana Ong'esa ana kazi katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris, hulazimika kuvitafuta vinyago vyake katika maduka ya watalii badala ya kuvikuta kwenye nyasi za mji wake.

Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inazitaka serikali za kaunti kuandaa mipango ya maeneo yao, na ni katika mipango hiyo sehemu za wazi hutengwa au kusahauliwa. Kenyenya bado ni mji mdogo, na hiyo ndiyo bahati yake. Ekari moja karibu na soko, iliyopimwa na kusajiliwa kwa jina la umma leo, itagharimu sehemu ndogo tu ya fidia itakayohitajika pindi majengo ya ghorofa yatakapoikaribia. Vyema zaidi, kaunti inaweza kuanza na ardhi iliyo tayari mikononi mwa umma: kandokando ya ofisi za serikali, soko na vituo vya magari. Kinachohitajika kwanza ni orodha ya viwanja hivyo, ibandikwe mahali ambapo kila mkazi ataisoma, ikitaja ukubwa na nambari ya kila kimoja.

Na iwapo siku moja mabaki ya Otenyo yatapatikana na kurejeshwa, viongozi wa Gusii watakabiliwa na swali ambalo halijapewa nafasi kubwa katika madai yao: mahali atakapoenziwa patakuwa kiwanja cha nani, na je, mwanafunzi wa Kenyenya ataweza kuingia bila kulipa?