Ganda la Risasi Si Takataka

Katika Mji wa Kale wa Mombasa shaba ni madini yenye heshima. Milango ya majumba ya zamani imepigiliwa misumari ya shaba, na muuza kahawa hupita na dele lake la shaba linalong'ara huku akigonganisha vikombe. Ukivuka bahari kuelekea kaskazini, siwa ya shaba ya Lamu imehifadhiwa kama hazina ya taifa zima. Lakini ipo shaba nyingine ambayo hatuipi hata nukta ya fikira. Nayo ni ganda la risasi, kile kikopo kidogo cha manjano kinachobaki chini baada ya bastola kulia. Wengine hukipiga teke, wengine hukitia mfukoni, na wengine hukipeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Sisi twasema kwamba ganda hilo si takataka, na kwamba namna tunavyolishughulikia ni kipimo cha namna tunavyoheshimu uhai na haki.

Kwanza tueleze kitu chenyewe, maana mwalimu hawezi kufundisha asichokijua. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki iliyopachikwa kitakoni mwake, baruti iliyomo ndani, na kichwa cha madini ya risasi kilichofunika mdomo. Ganda aghalabu hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba nyekundu, sehemu 70 katika 100, na zinki sehemu 30. Mchanganyiko huo ulichaguliwa kwa sababu nzuri. Baruti inapowaka, ganda hutanuka na kuziba mwanya wote ili moto usimrudie mpigaji; kisha hunywea kidogo, likaweza kutolewa bila kukwama. Isitoshe, halishiki kutu kama chuma, na likisafishwa laweza kutiwa fataki na baruti upya, likatumika tena mara kadhaa.

Bastola za namna ya zamani, zenye kitumba kinachozunguka, hubaki na maganda yake ndani mpaka mwenyewe ayatoe. Bastola zinazojipakia zenyewe ni jambo jingine. Kila zinapopigwa, sehemu ya juu hurudi nyuma kwa kishindo, kijino kidogo hulivuta ganda, kingine hulipiga, nalo likaruka kando, mara nyingi upande wa kulia, na kuanguka mita kadhaa kutoka aliposimama mpigaji. Hapo ndipo swali letu linapoanza: ni nani aliokotaye ganda hilo, na kwa nia gani?

Katika uwanja wa kulengea shabaha jibu ni jepesi. Ganda la bastola ya milimita 9 lina uzito wa gramu 4 hivi, kwa hiyo maganda 250 hufika kilo moja. Kundi la walengaji likishinda asubuhi nzima uwanjani, litaacha mali ardhini. Mlengaji mwenye adabu hutandika turubai upande yanakoangukia maganda, au huweka wavu wa kuyadaka, na mwishoni huyahesabu. Lakini adabu hiyo ina sharti lake. Hakuna kuinama kuokota ganda wakati silaha zingali mikononi mwa watu. Ganda litokalo bastolani lina moto, na likimwingia mtu shingoni aweza kugutuka na kugeuka huku bastola yake ikiwa imejaa risasi. Shaba ya shilingi chache isiwe sababu ya kumwaga damu. Silaha ziwekwe chini kwanza, msimamizi atoe idhini, ndipo watu waokote.

Yuko adui mwingine asiyeonekana. Moshi wa fataki na vumbi la vichwa vya risasi vina chembe za madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Aliyeokota maganda na anawe mikono kwa maji na sabuni kabla ya kula, wala asimpelekee mtoto maganda hayo kama kichezeo. Wakazi wa Mombasa hawahitaji kusomewa kitabu juu ya sumu hiyo. Kijiji cha Owino Uhuru, ng'ambo ya kisiwa chetu, kiliishi jirani na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata madini hayo hayo, na wakazi wakadhurika pamoja na watoto wao. Mnamo 2020 mahakama ya mazingira mjini Mombasa iliwaamulia fidia ya shilingi bilioni 1.3, hukumu hiyo ikatenguliwa katika rufani mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha mwezi Desemba 2024. Miaka yote hiyo ya kesi yatufunza kwamba biashara ya madini chakavu isiyo na tahadhari hulipiwa na maskini.

Wala hatari haiishii kwenye vumbi. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa takriban pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya watu 200 wa jamii za Wamaasai na Wasamburu, wakiwamo waliojeruhiwa na waliofiwa kutokana na silaha zilizoachwa bila kulipuka katika maeneo ya mazoezi ya kijeshi ya Archers Post na Dol Dol. Mtoto mchungaji hana macho ya kutenganisha ganda tupu na kombora zima. Kwake vyote ni vyuma vinavyong'aa. Ikiwa tunamzoesha mtoto kuokota kimoja, tusishangae siku atakapookota kingine.

Hayo ni ya uwanjani. Mtaani mambo hugeuka kabisa. Uwanjani twamwambia mlengaji aokote maganda yote; mtaani twamwambia kila mtu asiguse hata moja. Huenda mwanafunzi akaona kwamba twajipinga wenyewe. La hasha! Sababu ni moja: ganda lina hesabu yake, na hesabu hiyo sharti ifanywe na yule inayempasa. Uwanjani mwenye hesabu ni mlengaji. Mtaani, risasi ikishapigwa, mwenye hesabu ni mpelelezi, na baada yake mahakama.

Fikiri jinsi ganda linavyoandikwa. Pini ya bastola huacha alama juu ya fataki. Ukuta wa chuma ulio nyuma ya ganda huacha mikwaruzo yake. Kijino kinachovuta huacha alama, na kinachopiga huacha nyingine. Bastola mbili zilizotoka kiwanda kimoja kwa siku moja zaweza kuacha alama zisizolingana, kwa kuwa chuma hukwaruzwa na vifaa na kuchakaa kwa namna yake. Mtaalamu huchukua ganda lililookotwa, hupiga risasi nyingine kwa bastola inayoshukiwa, kisha huyaweka maganda mawili chini ya darubini ya kulinganishia. Pia mahali ganda lilipolala husaidia kukisia alikosimama mpigaji. Likishasogezwa na teke la mpita njia, sehemu hiyo ya ushahidi hupotea.

Ulimwengu ulijifunza somo hili huko Chicago. Tarehe 14 Februari 1929 watu saba waliuawa ndani ya gereji, na baadhi ya wauaji walikuwa wamevaa sare za polisi. Mji mzima ukanong'ona kuwa polisi wenyewe ndio waliofanya. Maganda 70 yaliokotwa sakafuni. Mtaalamu Calvin Goddard aliyachunguza, akaona yametoka katika bunduki mbili. Akayalinganisha na yale ya bunduki za polisi, yasilingane. Baadaye mwaka uo huo bunduki mbili zilipatikana katika nyumba ya jambazi mmoja huko Michigan, nazo zikalingana. Tazama basi, msomaji, kazi ya kipande cha shaba: kiliwaondolea shutuma wasiohusika, na kikaelekeza kidole kwenye silaha zilizotumika. Ganda si adui wa polisi, wala si adui wa raia. Ni adui wa uongo peke yake.

Mombasa nayo ina sababu zake za kulitaka somo hili. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa, askari wakauawa, silaha na risasi zikaibwa, na machafuko yaliyofuata yakawatoa watu wengi roho na wengine makwao. Tarehe 27 Agosti 2012 Sheikh Aboud Rogo Mohammed alipigwa risasi akaaga dunia ndani ya gari lake, na mji ukawaka ghasia. Tarehe 1 Aprili 2014 Sheikh Abubakar Shariff Ahmed, aliyejulikana kwa jina la Makaburi, aliuawa karibu na mahakama ya Shanzu. Hatuandiki hapa kuwatetea waliouawa wala kuwahukumu kwa waliyoyasema maishani. Twasema tu kwamba wauaji wao hawajatiwa hatiani, na kwamba penye pengo la ushahidi ndipo uvumi unapojenga nyumba. Huyu atasema ni serikali, yule atasema ni wenzao, na kila upande utarithisha watoto wake chuki. Mji usiojua nani alipiga risasi humshuku kila mtu mwenye bunduki.

Sheria haikunyamaza. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 laagiza kwamba matumizi ya silaha yanayoleta kifo au majeraha mabaya yaripotiwe kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, na kwamba afisa anayeripoti ahifadhi mahali pa tukio kwa ajili ya uchunguzi. Jedwali hilo hilo lataka pawepo taratibu za kuwafanya maafisa wawajibike kwa silaha na risasi walizokabidhiwa. Mwaka 2022 maabara ya taifa ya uchunguzi wa jinai ilifunguliwa katika makao makuu ya idara ya upelelezi jijini Nairobi. Lakini maabara, hata iwe na mitambo ya namna gani, haiwezi kuchunguza ganda ambalo limekwisha kuyeyushwa pamoja na vipande vya mabomba na bilauri za shaba.

Wapo watakaotupinga, nao wana haki ya kusikilizwa. Watasema kwamba ganda laonyesha bastola, halionyeshi mkono uliyoishika. Ni kweli. Watasema kwamba mtu mwovu aweza kuyaokota maganda yake na kutoweka, au akatupa ya mwenziwe ili kupotosha. Hilo pia ni kweli. Watasema kwamba hata wataalamu wa Marekani, katika ripoti za mwaka 2009 na 2016, walionya kuwa ulinganishaji wa alama hutegemea mno jicho la mchunguzi na wahitaji majaribio zaidi ya kisayansi. Nasi twakubali. Hata hivyo hoja hizi zote zatuelekeza kwenye uangalifu mkubwa zaidi, si kwenye uzembe. Kama ganda laweza kupandikizwa, basi na lipigwe picha mahali lilipo, lipimwe umbali wake, litiwe katika bahasha yenye namba, na kila mkono unaolipokea utie sahihi. Shahidi mmoja asiyetosha hafukuzwi mahakamani. Huongezewa mashahidi wengine.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. Kwanza, vyama vya walenga shabaha vihesabu risasi zinazoingia uwanjani na maganda yanayotoka, na vyote viandikwe katika daftari. Pili, wafanyabiashara wa vyuma chakavu, ambao tayari wanabanwa na sheria ya mwaka 2015, wakatae kununua maganda kutoka kwa mtu asiyeeleza yalikotoka, na wasinunue kamwe kutoka kwa mtoto. Tatu, wakuu wa polisi wahakikishe kwamba afisa aliyefyatua risasi si yeye anayeokota maganda yake. Kazi hiyo ifanywe na mwingine, mbele ya mashahidi, kwa maana mtu hawi mshtakiwa na karani wa kesi yake mwenyewe.

La nne lawahusu walimu na wanafunzi, nalo ndilo tunaloliweka moyoni zaidi. Katika mitaa ya Kibokoni, Majengo na Likoni, aghalabu mtoto ndiye anayefika wa kwanza baada ya watu wazima kukimbia. Mtoto huyo afundishwe maneno matatu: usiguse, simama mbali, mwite mkubwa. Mwalimu wa kemia na aeleze kwa nini shaba huchanganywa na zinki. Wa fizikia aeleze nguvu inayolirusha ganda. Wa historia awapeleke wanafunzi Ngome ya Yesu, wakaone mizinga ambayo haikuacha ganda lolote, bali tundu ukutani na maiti chini. Wareno waliojenga ngome ile tangu 1593, Waarabu wa Omani walioitwaa 1698 na Waingereza walioipiga kwa mizinga mwaka 1875 hawakudaiwa na wenyeji hesabu ya kila walichofyatua. Sisi twaishi chini ya Katiba, nasi tuna haki ya kudai hesabu hiyo.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Ganda moja linalopotea ni ufa. Yakipotea mengi, tutajenga ukuta wa kutoaminiana kati ya raia na askari, na ukuta huo hauvunjwi kwa mkutano wa hadhara wala kwa hotuba ya kiongozi. Kila risasi iliyopigwa katika mji huu imenunuliwa kwa fedha ya mtu, imebebwa na mtu na imefyatuliwa na mtu. Hatuombi kingine ila kwamba mtu huyo ajulikane.