Haikuingia

KUTOKA KIBANJANI
Na Ma Kokushubira

Jumatano asubuhi nilimsindikiza bibi mmoja wa hapa Ijuganyondo kwenda shuleni kwa wajukuu zake. Shule siitaji. Mjukuu mdogo alikuwa amerudishwa nyumbani na agizo la kuja na mzazi, kwa sababu kwenye kikao cha Ijumaa mzazi wake hakuonekana. Bibi hakuwa na habari ya kikao chochote. Aliniomba twende wote maana, alisema, mimi nimezoea maofisi.

Mwalimu alitupokea vizuri. Alimwamkia bibi shikamoo, akamvutia kiti. Halafu akasema, "Lakini bibi, tulituma kwenye grupu."

Bibi akaingiza mkono kwenye pindo la kitenge, akatoa kifurushi cha kitambaa kilichofungwa kwa mpira. Akakifungua taratibu. Ndani mlikuwa na kitochi, kile chenye vitufe vilivyofutika namba. Akakiwasha, akasubiri, akambonyezea mwalimu mpaka kwenye ujumbe, akamwonyesha kioo. "Haikuingia," akasema. Kisha akaanza kuiombea radhi simu yake: labda chaji ilikwisha, labda kule kwetu bondeni mtandao ulikatika. Aliamini kabisa kwamba kosa ni lake.

Nimekaa na neno hilo tangu Jumatano na hasira yangu haijapoa. Ujumbe wa WhatsApp hauwezi kuingia kwenye kitochi, hata ukikichaji siku saba. Aliyeutuma anajua hivyo. Na mama huyu mwenye miaka zaidi ya sabini, aliyelea watoto wake, akawazika wengine, na sasa analea wa watoto wake, ameketi mbele ya kijana wa umri wa mjukuu wake akiomba radhi kwa kutopata habari ambayo haikuelekezwa kwake.

Mwalimu, kwa haraka ya mtu mwenye darasa linalomsubiri, akamtajia yaliyosemwa kikaoni. Kuna mahindi na maharage ya chakula cha mchana. Kuna ratiba ya majaribio. "Na lile la darasa la tano na la sita kumaliza pamoja, hilo mnalijua."

"Kumaliza pamoja vipi, baba?" bibi akauliza.

Sasa naomba tusikilizane hapa, kwa sababu najua wapo wasomaji wangu ambao nao wanalisikia leo. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu. Chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, elimu ya msingi ni miaka sita, si saba, na baada yake kuna miaka minne ya sekondari ambayo nayo ni ya lazima. Watoto walioanza la tatu Januari ile, sasa wako la tano. Wataishia la sita, mwaka 2027. Waliowatangulia kwa darasa moja wanaendelea na utaratibu wa zamani mpaka la saba, nao wanamaliza mwaka huohuo wa 2027. Januari 2028 madarasa mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mlango mmoja.

Mjukuu mkubwa wa bibi yuko la sita. Mdogo yuko la tano.

Nilimwona akihesabu kwa vidole juu ya goti, mara moja, mara ya pili. Alikuwa na mpango wake. Mkubwa angeingia sekondari Januari 2028, mdogo Januari 2029, na kati yao kulikuwa na msimu mzima wa kahawa. Msimu ule ndio uliokuwa sare, viatu, madaftari na godoro kama mtoto angepangiwa mbali. Umeondolewa, na ofisi iliyouondoa ilitangaza kwa utaratibu wote, isipokuwa kwake.

Ada si tatizo tena, na hilo tunashukuru. Ile shilingi 20,000 ya sekondari ya kutwa ilifutwa mwaka 2016, na habari yake ilifika kila kibanja cha Kagera, mpaka visiwani Muleba, kwa kuwa kila aliyepanda jukwaani aliitaja. Nimeishi vya kutosha kulijua hili: habari inayomletea kiongozi makofi haihitaji grupu. Inayohitaji mzazi ajipange mapema ndiyo inayofia njiani.

Na kwetu kuchelewa kwa habari kuna jina. Kunaitwa butura. Shule zinafunguliwa Januari, na Januari kahawa bado ni mbichi juu ya mti. Mwenye shida ya ghafla anamwita mnunuzi kibanjani, wanaikadiria ikiwa bado mtini, anapokea bei ambayo mnunuzi ameitaka, na mwezi wa saba anakaa barazani akimtazama mwingine akivuna. Kila mwaka tunasikia maofisa wakikemea butura, wakiwaambia wakulima waache ujinga. Ujinga gani? Mpe bibi miaka miwili ya kujua na hatauza hata tunda moja likiwa bichi. Mpe wiki mbili, atauza na maua.

Wanaoandika orodha za magrupu haya wanafikiri mzazi ni mtu wa miaka thelathini na tano mwenye simu janja na bando la mwezi. Huko kwao labda. Mkoa huu ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na hakuna ukoo ninaoujua hapa Bukoba ambao haukupoteza watu. Tangu hapo bibi kulea wajukuu si jambo la ajabu kwetu, ni namna nyumba zilivyosimama. Leo ugonjwa una dawa, lakini vijana wako Mwanza, wako Dar es Salaam, wako Kampala, na watoto wamebaki kwa bibi. Shule inayoandika mawasiliano ya mzazi bila kuuliza ni nani anayempikia mtoto uji asubuhi haijaandika kitu.

Nasikia mtu akisema: lakini njia nyingine ni ipi? Mtu akifa Ijuganyondo alfajiri, saa mbili asubuhi kila nyumba inajua, na wa chama cha kuzikana wameshabeba majembe. Hakuna bando linalotumika. Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipoingia upande wa Maruku na Kanyangereko, kipaza sauti kilipita mpaka mtaani kwetu, redio zikasema asubuhi na jioni, watoto wa chekechea wakajua kunawa mikono na kutoshikana. Na mkitaka ya zamani, kuna kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973: watu wazima wapatao milioni mbili wakaketi vikundi kwa vikundi kuzunguka redio, wakasoma, wakainuka wakachimba vyoo. Jirani yangu tunayemwita Ta wa Redio alikuwa kijana wakati huo, na mpaka leo anaweza kukuambia walikaa chini ya mti gani.

Njia zipo. Kuna jumuiya ndogondogo zinazokutana kila wiki. Kuna matangazo baada ya misa, baada ya ibada kwa Walutheri, baada ya sala ya Ijumaa msikitini. Kuna mwenyekiti wa mtaa anayelipwa heshima kwa kazi hiyohiyo. Kuna mtoto mwenyewe, anayerudi nyumbani kila jioni na daftari ambalo lingeweza kubeba mistari mitatu kwa mwandiko wa mwalimu. Grupu limependwa kwa sababu moja tu: linampa mtumaji ushahidi kwamba ametuma.

Hili si la bibi mmoja. Mwaka jana nikiwa Muleba nilikaa na binti aliyeacha shule kwa ujauzito. Mtoto wake alikuwa ameshaanza kutembea. Hakuwa amesikia Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, ule unaoruhusu wasichana kama yeye kurudi katika shule za serikali. Hakuna aliyemwambia, na mimi nilipomwambia alinitazama kama ninayemtania. Waraka ulikuwepo, wenye namba, mhuri na sahihi. Pale alipokuwa, haukuwepo.

Tulitoka shuleni saa tano. Mdogo aliruhusiwa kubaki darasani, ila kwanza bibi alimwambia aandike nyuma ya daftari: 2027 kumaliza wawili, 2028 kuanza wawili. Alimfanya amsomee kwa sauti. Njiani hatukuongea sana. Mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza, nikamshika mkono kwenye mteremko.

Tulipofika penye migomba yake akasimama. "Waitu, Ma Koku," akaniambia, "wewe haya mambo uliyajua lini?"

Nikamwambia ukweli: mtaala ulipoanza, 2024. Niliyasoma gazetini.

Akanyamaza kidogo, akatazama kule kwangu. Kutoka mlangoni pake hadi kwangu ni vibanja vitatu.