Asali ya Tabora Isirudi Sokoni kwa Jina Tupu

Hakuna mtu wa Visiwani asiyeijua asali ya Tabora kwa jina. Mwenye kifua huagiziwa, mzazi hupewa, na kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani waitafutao huongezeka. Lakini mwulize mnunuzi huyo huyo kama ile aliyoinunua juzi Darajani ilikuwa ni asali ya Tabora kweli, au kama ilikuwa ni asali hata kidogo, naye atakujibu kwa kicheko. Kicheko hicho ndicho tunachotaka kukizungumza leo. Wafuga nyuki wa Unyamwezi, kwa vikundi na kwa vyama vyao vya ushirika, hawajachoka kuianza upya biashara hii kila inapolegea. Na kila wanapoianza huikuta njia imejaa wauzaji wengine, wa kweli na wa uongo. Swali si kama asali yao ni nzuri. Swali ni kwa nini mnunuzi aiamini.

Baina ya Visiwa hivi na Tabora suala la kuaminiana lina historia ndefu, na si historia ya kujivunia yote. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo hadi Unyanyembe na kutoka hapo ikaelekea Ujiji, ilipitisha nguo, shanga, bunduki, pembe za ndovu, na binadamu waliotiwa utumwani. Hilo halifutiki wala halifai kufichwa. Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh, penye Tabora ya leo, Novemba ya mwaka huo huo. Waliwakuta huko wafanyabiashara waliotoka Unguja na Omani wamekwisha kujenga na kutulia. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alikuwa mmoja wa waliofanya makazi huko, akaoa kwa mtemi Fundikira. Biashara ya safari ndefu namna hiyo isingaliwezekana pasipo mali ya kauli: mwenye bidhaa pwani aliitoa leo bila kulipwa, akangoja msafara uende na urudi, na aliyevunja kauli yake alijulikana njia nzima.

Baadaye mambo yakageuka. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na katika karne hiyo Wanyamwezi wengi walikuja Unguja na Pemba kufanya kazi katika mashamba ya karafuu, wakaoa, wakazaa na kuzeeka hapa. Basi asemaye kwamba Tabora ni mbali na sisi hajawauliza wazee wa mtaa wake.

Tuitazame sasa bidhaa yenyewe. Mkoa wa Tabora umo katikati ya msitu mkubwa wa miombo. Nyuki wa huko hupata chakula katika maua ya miyombo, mitundu na mininga, miti ambayo haikupandwa na mtu wala haikutiwa dawa na mtu. Mrina asali wa Kinyamwezi hurithi mizinga na maarifa kutoka kwa baba yake, hukaa porini kwa majuma katika msimu, na hurudi na debe. Hadi hapo hakuna wa kumlaumu. Uharibifu huanza masega yanapokamuliwa pamoja na majana ya nyuki, moshi wa kufukuzia unapozidi, asali mbichi ambayo nyuki hawajaifunika kwa nta inapochanganywa na iliyoiva, na debe lililoshika kutu linapotumiwa kwa sababu hakuna jingine. Kipimo cha kimataifa kinataka maji yaliyomo ndani ya asali yasizidi asilimia 20. Yakizidi, asali huchacha, na mnunuzi wa Mchangani akifungua chupa ikatoa povu hakumbuki tena sifa za msitu wa miombo.

Halafu iko chupa. Msafiri wa reli ya kati anajua kwamba asali kwenye vituo huuzwa katika chupa iliyokuwa ya maji au ya soda, yenye kizibo kisicho na lakiri na bila neno lolote lililoandikwa. Muuzaji wa kweli na mlanguzi aliyechemsha sukari wanasimama bega kwa bega wakiwa na chupa za aina moja na rangi moja. Kwa hali hiyo mwongo ndiye atakayeshinda siku zote, kwani shira haimgharimu kitu kikubwa, ilhali mwenzake ametoka porini na alama za miiba ya nyuki mwilini. Mwenye shira anaweza kushusha bei mpaka mrina asali akate tamaa.

Wala tusidhani huu ni uchafu wa masoko ya maskini peke yake. Mwaka 2023 Tume ya Ulaya ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa asali iliyoingizwa katika nchi za umoja huo kutoka nje. Katika sampuli 320 zilizochukuliwa mwaka 2021 na 2022, sampuli 147, yaani asilimia 46, zilitiliwa mashaka kwamba zilichanganywa na shira. Hayo ni matajiri, wenye maabara na polisi wa forodha. Nchi yetu, ambayo kwa makadirio ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa hutoa karibu tani 30,000 za asali kwa mwaka, ikitajwa ya pili Afrika baada ya Ethiopia, inaweza kuyasoma matokeo hayo kwa namna mbili. Inaweza kusema kwamba soko la dunia limejaa udanganyifu, hivyo nasi tushindane kwa bei na hao wanaodanganya. Au inaweza kuona kwamba asali inayoweza kuthibitisha ilikotoka imekuwa kitu adimu. Sisi tunashika la pili. Tani za China hatutaziweza. China ndiyo izalishayo asali nyingi kuliko nchi yoyote duniani, na mrina asali wa Sikonge akishindana nayo kwa wingi na urahisi atakuwa amejitafutia hasara kwa jasho lake.

Ushirika wa Tabora si mgeni wa kazi hii. Chama cha Ushirika cha Wafuga Nyuki wa Tabora kilianzishwa mwaka 1962, siku za mwanzo za Uhuru, na Kipalapala pakajulikana kwa kiwanda chake cha kuchuja asali na kusafisha nta. Waliokianzisha walikuwa wakulima wa kawaida walioona kwamba kila mmoja peke yake hana nguvu mbele ya mnunuzi. Ushirika nchini ulipita katika misukosuko mingi baadaye: Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mwanachama aliyeshuhudia chama kikivunjwa kwa amri na kurudishwa kwa amri hujifunza kukiona kuwa ni mali ya ofisi. Tunalisema hili tukiwa ndani ya Chama tawala, wala hatuoni haya kulisema, kwa sababu biashara yoyote itakayoanzishwa upya Tabora juu ya desturi hiyo itaanguka upya.

Basi waanze vipi? Kwa maoni yetu waanze na kidogo. Debe mia moja zilizopimwa, zikatiwa katika chupa za kioo zenye lakiri, jina la kijiji, mwezi wa kurina na namba ya mzigo, zina faida kubwa kuliko debe elfu moja zilizokusanywa mbio mbio kutoka kwa kila mwenye ndoo. Kifaa cha kupimia maji ndani ya asali ni kidogo, hukaa mkononi, na bei yake haiishindi nguvu ya kikundi cha wafugaji ishirini. Kila kituo cha kupokelea asali kiwe nacho, na mpimaji awe na idhini ya kukataa mzigo wa mtu yeyote, hata wa mwenyekiti. Siku mzigo wa mwenyekiti utakapokataliwa mbele ya wanachama, ndiyo siku biashara itakapokuwa imeanza.

Mnunuzi naye aelezwe. Wengi wetu tukiiona asali imeganda na kufanya chembechembe chini ya chupa husema imetiwa sukari, tukairudisha dukani. Asali nyingi safi huganda zenyewe, hasa penye baridi, na ikiwekwa katika maji ya uvuguvugu hurudi kuwa nyepesi. Mistari miwili kwenye karatasi ya chupa ingeokoa ugomvi mwingi. Na rangi nyeusi kidogo si uchafu. Hutokana na maua ya msitu. Wenye kuichemsha juu ya moto mkali ili ing'ae kama ya dukani huiharibu kwa mikono yao wenyewe.

Nta isisahauliwe. Mafundi hukadiria kwamba kwa kila kilo kumi za asali ya mizinga ya asili hupatikana kama kilo moja ya nta. Bidhaa hii ilikuwa ikisafirishwa ng'ambo kutoka bara tangu enzi ya Wajerumani. Haichachi, haivunjiki njiani, na hutakiwa na watengenezaji wa mishumaa, dawa na vipodozi. Na bado masega mengi yaliyokwisha kukamuliwa hutupwa, khususan yale yanayotoka kwenye vyungu vya wanzuki. (Kuhusu wanzuki wenyewe hatuna la kuongeza, kila mtu na kaburi lake.) Kikundi chenye akili kitauza nta kwanza, kipate fedha ya kununulia chupa, kisiende kukopa.

Lipo jambo zito zaidi ya chupa na nta, nalo ni msitu wenyewe. Huko Urambo Waingereza walileta mradi wao wa karanga, ndugu wa ile ya Kongwa na Nachingwea, ukafa mwaka 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni. Baada yake ikashika tumbaku. Tumbaku imewajengea watu nyumba na kuwasomeshea watoto, hilo halikanushiki, lakini hukaushwa kwa kuni, na kuni hizo ni ile ile miti ya nyuki. Mkulima hatauacha mti umesimama kwa sababu ya hotuba. Atauacha akiona kwamba mwaka huu mti uliosimama umemlipa. Hata baadhi ya wafuga nyuki hawana rehema: mzinga wa magome hupatikana kwa kumchuna myombo mzima ngozi, nao hufa kwa miguu. Mzinga wa mbao hugharimu fedha, ndiyo, lakini mchunaji wa magome anakula mbegu yake.

Kwa viongozi wa Serikali zetu mbili tuna maneno machache yasiyo na sukari. Mizinga ya kisasa imegawiwa sana katika nchi hii, picha zikapigwa, na mingi ikabaki mitupu chini ya miembe kwa sababu aliyepewa hakufundishwa wala hakuiomba. Chuo cha ufugaji nyuki kipo hapo hapo Tabora. Wanafunzi wake wapelekwe vijijini kabla ya mizinga, si baada yake. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, ilione tatizo la chupa na lakiri kuwa ni kazi yake. Na Shirika la Viwango la Tanzania pamoja na Taasisi ya Viwango Zanzibar wakae meza moja, ili mzigo uliopimwa ukapasishwa Tabora usisimamishwe tena Bandarini Malindi kwa siku nyingi na ada nyingine, huku shira ikiingia kwenye mifuko ya wachuuzi bila kupimwa na yeyote.

Kuhusu jina lenyewe, sisi wa Visiwani tuna jambo la kuwafundisha wenzetu. Zanzibar ilitunga Sheria ya Mali za Viwandani mwaka 2008, nayo inatambua kwamba jina la mahali linaweza kuwa mali ya wale wanaozalisha mahali hapo. Tumeijua thamani ya jina kwa karafuu. Asali ya Tabora haina ulinzi kama huo mkononi mwa wanaoirina. Kila mwenye kalamu anaweza kuandika Tabora juu ya chupa yake. Wanasheria wa Bara na wa Visiwani wanaweza kulishughulikia hili bila kuunda tume.

Na wafanyabiashara wetu? Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000. Wengi wao walikunywa chai mezani penye vijichupa vya asali vilivyovuka bahari mbili, ilhali msitu wa miombo uko ng'ambo ya mkondo huu. Mwenye hoteli hana kosa akisema hawezi kumpa mgeni chupa isiyo na lakiri. Atakuwa na kosa akiletewa yenye lakiri, kipimo na jina la kijiji, akaikataa kwa sababu haikuandikwa kwa Kifaransa. Wafuga nyuki wa Pemba wasiogope. Asali yao ina ladha yake na watu wake, na adui yao ni yule yule mwenye sufuria ya sukari.

Madrasa zetu zinawafundisha watoto kwamba iko sura ya Qur'ani yenye jina la nyuki, na nyingine, Al-Mutaffifin, inayowaonya wapunjao vipimo. Anayeuza shira kwa jina la dawa, tena kwa mgonjwa, amezisahau zote mbili. Maofisa wa afya wana mamlaka ya kuchukua chupa sokoni na kuzipima. Wazichukue kuanzia Darajani na Chake Chake, na majina ya waliokutwa yatangazwe, kabla ya mzigo wa msimu ujao kutoka Tabora kufika Malindi.