Matamasha yanayovuka mipaka redioni na kazi ya mafundi isiyosikika

Kila tarehe 1 Januari, saa 5:15 asubuhi kwa saa za Vienna, ambayo ni saa 7:15 mchana Afrika Mashariki, orkestra ya Vienna Philharmonic huanza tamasha lake la Mwaka Mpya katika ukumbi wa Musikverein. Shirika la Utangazaji la Austria, ORF, hulirusha hewani, na mashirika ya utangazaji katika nchi zaidi ya 90 hulipokea. Msikilizaji wa Warsaw na yule wa Tokyo husikia fidla zilezile, lakini kila mmoja humsikia mtangazaji wa lugha yake akimwelezea kipande kinachofuata. Hakuna anayejiuliza imewezekanaje sauti ya mtangazaji wa Austria isimfikie.

Imewezekana kwa sababu ya utaratibu wa kiufundi uliojengwa kwa miongo mingi. Shirika mwenyeji hutoa ile inayoitwa sauti ya kimataifa: muziki, makofi na mnong’ono wa ukumbi, bila neno la mtangazaji. Maelezo ya mtangazaji wake huchanganywa kando, kwa matumizi ya nchini mwake peke yake. Kituo kinachopokea huweka sauti ya mtangazaji wake juu ya makofi na kunyamaza fimbo ya kiongozi wa orkestra inapoinuliwa. Hilo hutaka ratiba ya dakika kwa dakika ipelekwe mapema: kipande cha kwanza kina urefu gani, mapumziko yanaanza lini, na kama mwimbaji ana desturi ya kurudi jukwaani kuongeza wimbo usiomo katika ratiba.

Mfumo mkubwa zaidi wa aina hii unaratibiwa na Umoja wa Watangazaji wa Ulaya, EBU, ulioundwa Februari 1950 katika mji wa Torquay, Uingereza, na wenye makao makuu Geneva. Wananchi wengi huufahamu kwa shindano la nyimbo la Eurovision lililoanza mwaka 1956. Upande wa redio, unaojulikana kama Euroradio, hauna mbwembwe hizo, ingawa kazi yake ni ya kila siku. Shirika mwanachama huorodhesha tamasha lililorekodi au litakalolirusha moja kwa moja, likitaja wanamuziki, kazi zitakazopigwa, tarehe na masharti. Wanachama wengine huagiza wanachokitaka. Kwa njia hiyo kituo cha nchi ndogo isiyo na jumba la opera huweza kutangaza jioni nzima kutoka London au Berlin, nacho hutoa kwaya yake bora kwa wenzake. Wanachama hawako Ulaya pekee. Misri, Algeria, Tunisia na Morocco zimo, na mashirika ya mbali kama yale ya Japani na Australia hushiriki kama wanachama washirika.

Mijadala ya ushirikiano wa vyombo vya habari barani Afrika hutaja mara nyingi mikataba, makongamano na hati za makubaliano. Uzoefu wa Euroradio unaelekeza macho kwingine. Makubaliano ya kubadilishana muziki yanaweza kuandikwa katika kurasa chache. Kinachoamua kama tamasha litasikika ni mambo madogo ambayo mwanasheria hayaoni: faili imehifadhiwa kwa namna gani, sauti imepimwa kwa kipimo kipi, na nani yupo kazini kupokea simu saa 2 usiku faili inapokataa kufunguka.

Mfano mmoja unatosha kuonesha uzito wa jambo hilo. Rekodi ya kidijitali huchukua sampuli za sauti maelfu ya mara kwa sekunde. Redio nyingi hutumia sampuli 48,000. Santuri za CD hutumia 44,100. Mtambo wa kituo kinachopokea ukisoma faili ya aina ya kwanza kana kwamba ni ya aina ya pili, tamasha la saa moja litachukua dakika 65 na sekunde chache, na muziki wote utashuka kwa takriban nusutoni moja na nusu. Mwimbaji wa sauti ya kwanza ataanza kukaribia sauti ya pili. Msikilizaji asiye mtaalamu atahisi tu kwamba bendi ilikuwa imechoka. Kosa lenyewe hurekebishwa kwa dakika moja, ilimradi awepo mtu anayelijua.

Lipo kosa jingine la hila zaidi, na kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki lina madhara makubwa kuliko kwa wale wa Ulaya. Waya za kipaza sauti kimojawapo zikiunganishwa kinyume, mawimbi ya upande wa kushoto na wa kulia hupingana. Anayesikiliza kwa spika mbili atasikia sauti pana isiyo na kitovu, pengine hata aipende. Anayesikiliza kwa redio ndogo yenye spika moja, kama zile za dukani, shambani na jikoni, hupata pande zote mbili zikiwa zimejumlishwa, na chochote kilichokuwa katikati hufutika. Mara nyingi aliyesimama katikati ni mwimbaji mkuu. Fundi anayekagua rekodi kabla ya kuituma hubonyeza kitufe cha kusikiliza kwa spika moja, na hapo hapo hugundua tatizo.

Ili kupunguza migongano ya namna hiyo, EBU ilitoa katika miaka ya 1990 umbo la faili linaloitwa Broadcast Wave, ambalo hubeba ndani yake sauti pamoja na maelezo ya aliyeirekodi, tarehe na saa. Agosti 2010 ulifuata mwongozo unaojulikana kama R 128, uliopendekeza ukubwa wa sauti wa wastani wa LUFS 23 chini ya sifuri. Kabla ya hapo kila shirika lilikuwa na mazoea yake, na msikilizaji alilazimika kupunguza redio kila tangazo lilipoingia baada ya muziki laini. Muziki wa tamasha huhitaji nafasi kubwa kati ya mnong’ono na kishindo. Kituo kinachoubana ili usikike vizuri barabarani kina haki ya kufanya hivyo, lakini kinapaswa kuubana chenyewe, baada ya kuupokea ukiwa kamili.

Njia za kusafirishia nazo zimebadilika. Zilianza laini za simu za kukodi, zikafuata setilaiti, na kwa tamasha dogo laini za kidijitali za ISDN ambazo watangazaji walizitegemea tangu miaka ya 1990. Kampuni za simu katika nchi kadhaa za Ulaya zimekwisha kuzizima laini hizo au zinaendelea kuzizima, na matangazo yamehamia kwenye intaneti. Uhamisho huo ulizaa tatizo la mapema: vifaa vya kampuni moja havikuelewana na vya nyingine. EBU na watengenezaji walikubaliana juu ya kanuni za chini ambazo kila kifaa lazima kizifuate, hata kama kina mbinu zake bora zaidi. Ni makubaliano yasiyo na mvuto wowote wa habari, na bila hayo kila shirika lingelazimika kununua kifaa cha kila mwenzake.

Gharama ya kushiriki si kubwa kama inavyodhaniwa. Tamasha la saa mbili katika ubora kamili wa sampuli 48,000 na biti 24 huwa faili ya takriban gigabaiti 2. Kwa laini inayopandisha megabiti 5 kwa sekunde, kazi hiyo huchukua dakika 55 hivi. Kwa ubora uliobanwa unaokubalika kwa utangazaji, faili hushuka hadi megabaiti 350 hivi. Kituo chochote cha taifa katika ukanda huu kinaweza kulimudu hilo. Ugumu huja laini inapokatika dakika ya 50 na programu ya kutumia haina uwezo wa kuendelea ilipoishia, au faili inapofika ikiwa na jina lisilomwambia mpokeaji lolote.

Afrika ilijaribu mapema. Umoja wa Redio na Televisheni za Taifa za Afrika, uliojulikana kwa kifupi cha Kifaransa URTNA, uliundwa mwaka 1962, ukiwa na makao makuu Dakar. Ulikuwa na kituo cha kubadilishana vipindi Nairobi na kituo cha ufundi Bamako. Ramani yenyewe inasema mengi: vipindi viliratibiwa upande mmoja wa bara na ufundi upande wa pili, katika enzi ambayo kanda ilisafiri kwa ndege ndani ya kopo. Mwaka 2006 chombo hicho kiligeuzwa kuwa Umoja wa Utangazaji wa Afrika, AUB. Umbali huo leo hauna uzito tena. Swali lililobaki ni kama mafundi wa mashirika wanachama wanayo namba moja ya kupiga na mtu wa kuipokea.

Kwa Tanzania, jambo hili lina uzito wa pekee. Kwa miaka mingi, studio za Redio Tanzania Dar es Salaam ndimo bendi nyingi za nchi ziliporekodi nyimbo zao, na kanda hizo ni urithi ulioko mikononi mwa shirika la utangazaji la umma, TBC. Ni rekodi zilizofanywa kwa fedha za wananchi. Mwaka 2019, UNESCO pamoja na chama cha kimataifa cha maktaba za sauti, IASA, zilitahadharisha kwamba kuhamisha kanda za sumaku kwenda dijitali kama kazi ya kawaida kungefikia mwisho ifikapo takriban mwaka 2025, kwa kuwa mashine za kuzichezea hazitengenezwi tena, vipuri vimeadimika na wanaozijua wanastaafu. Tarehe hiyo imekwisha kufika. Kila kanda isiyohamishwa inazidi kuwa ghali kuiokoa.

Kuhamisha peke yake hakutoshi kuifanya rekodi iweze kutolewa kwa mwingine. Kituo cha nje kinachopokea saa moja ya taarabu kitataka kujua mtunzi wa mashairi, mtunzi wa muziki, mwimbaji, na waliopiga kanuni, udi na fidla. Bila majina hayo malipo ya wasanii hayana pa kwenda. Kwa desturi ya ubadilishanaji, shirika linalotoa ndilo huhakikisha wanamuziki wameridhia, na linalopokea hulipia haki za watunzi katika nchi yake. Tanzania Bara inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2003 pamoja na taasisi yake, COSOZA. Tamasha lililorekodiwa Unguja na kutolewa na kituo cha Dar es Salaam hupita katika sheria mbili kabla halijavuka mpaka wa Jamhuri. Fundi anayejaza maelezo ya faili anafanya, kwa hakika, nusu ya kazi ya wakala wa hakimiliki.

Mahitaji hayo yanaweza kupimwa bila kungoja mkataba mpya. Tangu mwaka 2004, tamasha la Sauti za Busara limekuwa likiwakusanya Ngome Kongwe, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, wanamuziki kutoka pande nyingi za Afrika, na klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa imekuwepo tangu mwaka 1905. Jioni moja ya aina hiyo, ikirekodiwa kwa sauti ya kimataifa isiyo na mtangazaji, ikikaguliwa kwa spika moja na kuandikiwa majina yote kwa usahihi, inaweza kuwekwa mbele ya mashirika ya Nairobi, Kampala, Kigali au Bujumbura siku inayofuata. Inahitaji vipaza sauti vilivyounganishwa sawasawa, laini inayopandisha faili na fundi mmoja anayebaki kazini mpaka kituo cha mwisho kithibitishe kwamba faili imefunguka na urefu wake ni uleule uliotoka Unguja.