Kosa Si la Mama, ni la Ukurasa

Mwezi uliopita jirani yangu, mama mwenye duka la nafaka, aliniletea simu yake uso umekunjamana. Alikuwa akijaza fomu ya kuombea mkopo kikundi chao cha wanawake katika tovuti ya ofisi moja ya umma, na siku ya mwisho ilikuwa keshoye. Kila alipobonyeza kitufe cha kutuma, yalitokea maneno mekundu ya Kiingereza kwamba tarehe si sahihi, na yote aliyoyaandika yakafutika. Alikuwa amekwisha kurudia mara nne.

“Mwalimu,” akaniambia, “mimi nimezeeka. Mambo haya ni ya watoto.”

Niliikataa kauli hiyo, na ningali naikataa. Ukurasa ulitaka mwezi utangulie siku, ila haukusema hivyo popote. Mama alizaliwa tarehe 23, na hakuna mwezi wa 23. Mtu anayekumbuka madeni ya wateja wake wote bila daftari, atashindwaje kuandika siku aliyozaliwa?

Ipo fani inayoshughulikia mambo haya: usanifu wa tajiriba ya mtumiaji. Tajiriba ni yale yote ayapitiayo mtu na kuyahisi anapotumia kitu. Istilahi hii ilienezwa na Don Norman, aliyeiingiza katika cheo chake kwenye kampuni ya Apple mwanzoni mwa miaka ya 1990. Awali, mwaka 1988, alikuwa amechapisha kitabu kuhusu vitu vya kila siku, milango ikiwemo. Mlango uliowekwa mkono wa kuvuta ilhali unapaswa kusukumwa humwaibisha mpitaji bure; astahiliye lawama ni aliyeubuni.

Wanafunzi wangu wengi hudhani usanifu wa tovuti ni rangi na picha. La hasha. Msanifu mwema huanza kwa kuuliza ni nani atakayeitumia, kwa simu ya namna gani, kwa bando kiasi gani, kwa lugha ipi. Kisha huketi kando ya watumiaji na kuwatazama wakihangaika, bila kuwasaidia (sisi walimu hapo tungeshindwa). Mwaka 2000 Jakob Nielsen aliandika kwamba kuwatazama watu 5 tu hufichua takriban asilimia 85 ya kasoro. Watu watano! Ni ofisi gani ya umma isiyoweza kuwapata katika foleni yake yenyewe?

Hapa kwetu Uganda jambo hili ni la uraia pia. Ibara ya 41 ya Katiba ya mwaka 1995 inampa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa dola, na marekebisho ya mwaka 2005 yakakifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili. Haki iliyofungiwa nyuma ya fomu isiyojazika ina faida gani kwa raia? Wala dawa haikuhitaji fedha nyingi. Juu ya kisanduku kile yangetosha maneno haya: “Anza na mwezi, kisha siku, kisha mwaka. Mfano: 07/23/1968.” Na fomu ingehifadhi yaliyokwisha kuandikwa.

Tuliijaza mara ya tano, tukatanguliza mwezi, ikapokewa. Mama aliitazama simu kitambo.

“Kumbe ni hivyo tu? Sasa mbona hawakusema?”